Mwalimu wa Kuogelea Aliyechelewa Kujifunza

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kusimama nasi, marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu wa Maji na sisi nyumbani tulimwita Dada Mkubwa, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, akiwa mtoto wa kwanza wa seremala na mkewe, akafuatiwa na mdogo wake wa kiume, tuliyemwita Mluzi kwa kuwa alipiga mluzi kutwa nzima, kisha na mdogo wake wa kike, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya.

Alianza shule Januari 1959, akamaliza darasa la saba mwaka 1965, na mwaka huo huo, Jumapili tarehe 14 Novemba, saa tisa alasiri, Mluzi, mwenye miaka kumi na mmoja, alivua shati, akampa dada yake amshikie, akaingia kwenye shimo la machimbo ya kokoto lililojaa maji ya mvua, asitoke. Marehemu hakujua kuogelea, akabaki ukingoni akipiga kelele, shati mkononi, mpaka watu wazima walipofika wakiwa wamechelewa.

Tarehe 8 Septemba 1973 alifunga ndoa na fundi redio, mtu wa mizaha, aliyependa kusema kwamba mkewe anaogopa hata maji ya sufuria, utani aliouacha siku alipoelezwa sababu, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1974, 1977 na 1980.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa mfagizi kwenye bwawa la kuogelea la chuo kimoja, akasugua vigae miaka sita bila kulowesha zaidi ya viganja, hadi Aprili 1982 alipomwomba msimamizi wa bwawa amfundishe. Yule bwana hakumwingiza majini, alimwambia, "Dada, nenda nyumbani, jaza beseni, zamisha uso, ujifunze kutoa pumzi kwanza," naye akafanya hivyo kila asubuhi kwa miezi miwili, wanawe wakimchungulia. Kuelea ndiko kulikomtesa, kwani kila alipojilaza mwili ulikakamaa, miguu ikashuka, akainuka akikohoa, na kadiri alivyokazana ndivyo alivyozama, mpaka siku moja ya Oktoba, akiwa anawaza nguo alizoanika na wingu lililokuwa likijikusanya, akagundua kwamba masikio yake yamo majini, kifua kimenyanyuka, na hakuna anayemshika.

Alifundisha kuogelea kwenye bwawa lile lile tangu 1985 hadi alipostaafu mwaka 2011, wanafunzi 1,846, na hakumpitisha mtoto yeyote mpaka aweze kumvuta mwenzake wa uzito wake, wote wakiwa na nguo mwilini, hata wazazi walalamike vipi kuhusu sare za shule kulowa.

Tarehe 22 Mei 1994 aliitwa mbio, binti wa mwashi ametumbukia kwenye shimo lile lile, naye akazama mara mbili, akamtoa akiwa hai, na leo yule binti yupo hapa nasi pamoja na wanawe. Watu walimshangilia njia nzima, lakini alipofika nyumbani alikaa sakafuni, nguo zikichuruzika, akamwambia mdogo wake, "Ni mapigo matano tu ya mkono kutoka ukingoni. Nimeyahesabu. Ilikuwa rahisi, mdogo wangu, rahisi mno." Tulidhani kumwokoa huyu kungempoza, kumbe ndipo alipoanza kukosa usingizi.

Juni 2019 kiharusi kilimpooza upande wa kulia, akaanza upya kujifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, akimkumbusha mtaalamu wa viungo, aliyekuwa na haraka, kwamba mwili haufokewi. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 11 Oktoba 2022, saa moja asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mtaalamu wa viungo aliyekubali kufundishwa na mgonjwa wake, majirani waliombeba ngazini kila alipokwenda kliniki, wafanyakazi wenzake waliofunga bwawa leo, na mwashi, aliyeomba kulijenga kaburi hili kwa mikono yake mwenyewe.

Pumzika sasa, Dada Mkubwa, watoto wote wametoka majini.