Miaka Thelathini na Moja ya Kuogopa kwa Niaba Yetu

Ijumaa hii, tarehe 28, saa tisa na nusu alasiri, fundi wa maabara yetu ya kemia atakabidhi funguo za stoo baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka thelathini na moja. Sote tunamwita Mzee Subiri. Hata mkuu wa shule, alipokuwa anatia sahihi barua ya kustaafu, ilibidi aulize jina lake kamili.

Alianza kazi akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, wakati maabara ilikuwa na bomba moja la maji na dirisha lisilofunguka. Leo kuna meza kumi na mbili, feni ya kutoa hewa chafu, na bafu la dharura analolijaribu kila Jumatatu. Bafu hilo liliwahi kumlowesha mkaguzi aliyesimama chini yake, akavuta mnyororo, ndipo akauliza ni wa nini.

Vielelezo vya molekuli tunavyofundishia alivichonga mwenyewe kwa mabaki ya mbao kutoka kwa jirani yake seremala. Kaboni ni kitufe cheusi chenye matundu manne, oksijeni ni chekundu chenye mawili, haidrojeni ni cheupe chenye moja. Matundu aliyatoboa kwa pembe zake halisi, hivyo mwanafunzi akitaka kuunda molekuli ya maji iliyonyooka, vijiti vinamgomea. Vizazi vya wanafunzi vimejifunza umbo la maji kwa kushindwa kulinyoosha. Bondi kovalenti aliieleza kwa maneno machache: kila atomu inaleta elektroni yake, na jozi inakuwa mali ya wote wawili. Kisha aliongeza, “Lakini wapo wanaoshikana mikono huku wanasukumana. Hao ndio wananinyima usingizi.” Watoto walikuwa wakicheka.

Ni mtu mwenye hofu. Kabla ya chupa yoyote kufunguliwa lazima aseme “subiri”, asome lebo, aiangalie kwenye mwanga, asome lebo tena. Jioni hurudi kutoka getini mara mbili kukagua koki za gesi. Binti yake anasimulia kwamba siku ya harusi yake baba alimwacha mpigapicha na kamera mkononi, akaenda kumpigia simu mlinzi wa shule: “Hebu kanusie mlango wa maabara, ndugu yangu.” Tulimtania sana kwa hayo. Mimi nilimtania kuliko wote, na naona ni haki nieleze kwa nini niliacha.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, alikuwa likizo baada ya kupasuliwa jicho. Nilikuwa mwalimu wa kemia mwenye miezi mitano kazini, nikaachiwa funguo. Stoo ilinikera, kwa kuwa chupa hazikufuata alfabeti. Sikujua kwamba alizipanga kwa ujirani, kila kemikali mbali na ile isiyopatana nayo. Nikazipanga upya kwa herufi, kazi ya siku mbili, nikajiona mtu. Kwenye kona ya chini nikakuta boksi la chupa tulizopewa na chuo kilichofungwa, kila moja ikiwa na uzi mwekundu shingoni. Kwa Mzee Subiri uzi huo, aliokuwa akiupata kwa mkewe mshonaji, ulikuwa na maana moja: sijaikagua, isiguswe. Kwangu ulikuwa takataka za kufungashia. Niliukata wote kwa mkasi.

Chupa moja ya etha ilikuwa na fuwele nyeupe, nzuri mno, kuzunguka kizibo. Etha ni kimiminika. Ilinipasa kujiuliza fuwele zimetoka wapi. Badala yake niliona zitapendezesha somo la maumbo. Jumatano asubuhi niliibeba hadi darasani, nikaiweka mezani mbele ya wanafunzi arobaini na wawili, nikashika kizibo.

Mzee Subiri alikuwa amekuja tu kuleta barua ya daktari. Alisimama mlangoni, bandeji jichoni, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chaki: “Samahani, Mwalimu, mkuu anawaita wote uwanjani. Toa mkono taratibu, iache hapo hapo. Madaftari yabaki. Twende.”

Mchekeshaji wa darasa akadakia, “He! Leo Mzee Subiri anasema twende!” Wote wakaangua kicheko, naye akatabasamu. Nilipompita mlangoni niliona jasho limelowesha kola yake, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Alisimama mwisho wa korido kwa muda wa saa tano, akikataa kiti, akimzuia kila aliyetaka kurudia mkoba wake, hadi wataalamu wa milipuko walipofika. Waliilipua chupa ile kwenye shimo nyuma ya uwanja wa mpira. Madirisha ya maktaba yalitetemeka.

Baadaye alichukua vitufe viwili vyekundu akaviunga mbele yangu. Etha ikikaa miaka na hewa na mwanga, hunasa oksijeni, na atomu mbili za oksijeni hujikuta zimeungana; hicho ndicho kilichokuwa ndani ya zile fuwele. Kila moja ina jozi mbili za elektroni isizomshirikisha mwenzake, na jozi hizo zinasukumana. Bondi kati yao ni dhaifu kiasi kwamba msuguano wa kizibo ungetosha kuivunja, na nguvu ya mvunjiko huo ingetoka yote kwa mpigo mmoja.

“Mbona hukunipigia kelele?” nilimuuliza.

“Ungeshtuka, mwanangu. Na mkono ulikuwa kwenye kizibo.”

Kwenye ripoti aliandika kwamba kosa lilikuwa lake, kwa sababu hakuwahi kumweleza mtu mwingine maana ya uzi. Nilikataa, hakubadilisha hata neno. Sasa maana hiyo imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa.

Kwa wiki tatu sasa tumezunguka rafu zote pamoja, chupa baada ya chupa, kwa kuwa kuanzia Jumatatu stoo itakuwa mikononi mwangu. Silali vizuri. Naota fuwele. Juzi nikamuuliza kama hofu hii itakuja kwisha. Alifikiri kidogo, akasema, “Siku hofu ikiisha, rudisha funguo.”

Mzee wetu, shule nzima inakushukuru kwa watoto waliorudi nyumbani kila siku kwa miaka thelathini na moja, bila kujua kulikuwa na jambo la kushukuru. Ukae na mama na wajukuu kwa raha, jicho lako lipone kabisa, na jioni ukitoka mahali usigeuke kuangalia nyuma. Koki za gesi nitazikagua mara mbili. Naogopa vya kutosha.