Bi Time na Nyumba Zilizoandikwa Tupu

Jumamosi tarehe 29 Machi 1958, Bi Time binti Ame anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya uchunguzi wa maisha ya jamii, hapa Shangani, kwa miaka kumi na tisa. Nimeambiwa niandike mimi, Mwanakhamis wa chai, kwa kuwa nimekaa naye kuliko wote. Madarasa yangu machache, mtanisamehe.

Kazi yake ilikuwa kuuliza. Nani kaachwa na watoto bila matunzo, nani kafukuzwa kwao, mgonjwa gani anafichwa ndani. Wakubwa wetu huyaita hayo madhila ya wanyonge, na huyaandikia vitabu.

Safari yake ya mwanzo ilikuwa Bwejuu. Alifika na karatasi zake, na wanawake waliokuwa wakipiga makumbi ya nazi wakanyamaza. Siku ya pili aliziacha karatasi, akashika gongo, akapiga na yeye mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wakamcheka: "Bi wa mjini, unapiga makumbi au unaua nyoka?" Kicheko hicho ndicho kilichowafungua midomo. Tangu hapo hakutoa kalamu kabla ya mikono yake kuchafuka.

Lakini mimi nitamkumbuka kwa ya Kikwajuni, mwaka 1955. Makarani wetu walikuwa wakihesabu wanawake waliobaki peke yao na watoto. Orodha ingekwenda kwa wakubwa wa mji, na nyumba zisizo watu wapewe wapangaji wengine. Bwana Msabah, karani mwenye adabu zake, alipiga hodi mara tatu kila mlango, kama tulivyofunzwa sote. Asipoitikiwa aliondoka, akaandika: tupu.

Ndani ya moja ya nyumba hizo alikuwamo mwanangu Shemsa na watoto wake pacha. Mumewe alikuwa na mwezi tangu kufariki, naye yumo edani. Kizuka, mjane aliye edani, haitikii hodi ya mwanamme asiyemjua. Niliiona namba ya mlango wake kwenye orodha nikifuta meza. Siku ile chai niliitia chumvi, na wote waliinywa bila ya neno. Bi Time peke yake aliniuliza nna nini, nikamweleza.

Hakungoja. Alivaa buibui lake, akazunguka siku tatu, akiingilia mlango wa uani kwa wanawake. Kisha akasimama mbele ya mkuu wetu, Bwana Mcha: "Bwana, nyumba tupu haianiki nguo za mtoto."

Nyumba kumi na moja ziliandikwa upya. Shemsa hakutolewa. Bwana Msabah alilifuta neno lile kwa mkono wake mwenyewe, na hakwenda tena Kikwajuni bila ya Bi Time.

Nilipopata habari ya kustaafu kwake, roho ilinipaa. Nani ataingia sasa kwa vizuka? Kumbe miezi sita hii alikuwa akimfunza Shemsa. Jumatatu mwanangu anaanza kazi. Nna hofu naye, siwezi kuficha: jua, njia ndefu ya kwenda Kiwengwa kazini, maneno ya watu. Lakini leo nimechungulia mfuko wake. Juu kaweka ukili wa mkeka wa kusuka. Kalamu ya Bi Time iko chini kabisa.

Bi Time, ahsante kwa yote. Mwenyezi Mungu akupe afya na siku za raha. Na ukipita Kikwajuni, hodi moja tu inatosha. Utaitikiwa.