Galaksi Iliyosogezwa na Matembele

Ndugu msomaji, nakuomba kwa unyenyekevu: usimsomee mtu maneno haya, wala usiyaache karibu na Mkuu wa Idara, Dokta Salmini. Yeye amepewa ratiba nyingine ya hafla hii ya kuaga, yenye picha za maua.

Mzee Donatus Mihayo, fundi wa maabara ya fizikia ya chuo chetu hapa Shinyanga, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Miaka kumi na minane kati ya hiyo amehesabu nukta za kijani kwenye picha za galaksi tunazoletewa kutoka darubini za ng'ambo. Nukta hizo huitwa nebula za sayari, ingawa sayari hazimo. Ni nyota zilizozeeka zikavua mavazi yao ya gesi. Mzee huziita wastaafu wenzake, ila anasisitiza kwamba yeye atabaki na suruali.

Ni mzaliwa wa Nkome, kando ya Ziwa Victoria, na alitufundisha kwa karabai za wavuvi wa dagaa: zikiwa na mwanga sawa, iliyofifia ndiyo iliyo mbali. Nebula zinazong'aa zaidi hukaribia kulingana kwa mwanga wake halisi katika kila galaksi, hivyo hutupa umbali. Rangi hutupa mwendo: mwanga ukisogea kwenye bluu, galaksi inatujia, ukisogea kwenye nyekundu, inaondoka. Siku ya maonyesho mfugaji mmoja aliuliza kama hiyo inayotujia itapitia Isaka, ili auze ng'ombe mapema. Mzee alimshauri awanenepeshe kwanza, kwani imebaki miaka bilioni kadhaa.

Machi mwaka huu galaksi aliyoipima kwa miaka sita ilisogea ghafla, ikawa nusu ya umbali wake. Ripoti ilikuwa tayari mezani kwa Dokta Salmini, na kazi yote ya Mzee ilikuwa karibu kuwa kichekesho. Mzee aliinamia picha, akainusa nebula namba 41, iliyozipita zote kwa ukubwa na mng'ao, kisha akairamba. Yalikuwa matembele.

Aliyekula chakula cha mchana juu ya picha, kisha akaipa nukta hiyo namba kwa mwandiko safi, ni karani wa masjala, yaani mimi. Nilikiri. Mzee aliniita ng'wana wane, yaani mwanangu, akalalamika tu kwamba chumvi haikutosha. Aliifuata ripoti, akasema imesahaulika sahihi moja, akaifuta namba 41, na kabla ya chai galaksi ilikuwa imerudi kwao. Kisha akanipendekeza mimi nirithi kuhesabu. Alisema aliyewahi kupoteza galaksi moja hupata adabu ya kutopoteza ya pili.

Mzee wetu Donatus, Baba Kudra, asante. Nenda Nkome ukang'ae taratibu, siku zako zijae heri na samaki.

Atakayeona nukta asiyoielewa anipate masjala, mlango wa pili baada ya stoo. Gonga mara tatu. Ukimkuta Dokta Salmini, omba fomu ya likizo. Na tafadhali, kabla hujaja, jaribu kwanza kuifuta kwa kitambaa.