Mzee Eustaki na Majembe Yaliyopasuka

Tarehe 30 Juni 1976 Mzee Eustaki Katepa anaweka nyundo chini, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kufua chuma hapa Sumbawanga. Tisa ya mwisho amekuwa fundi mkuu wa karakana yetu ya ushirika ya majembe.

Ukweli usemwe: mzee huyu haamini kitu. Mkaa ukiletwa anauvunja kwanza. Jembe likitoka kwa fundi analigonga na kulisikiliza, kisha anamtazama aliyelifua kana kwamba amemkamata na kuku wa watu. Hata uji wetu wa saa nne anaunusa.

Mwaka juzi, mvua zikikaribia, majembe ya wakulima wa Mpui yalianza kupasuka. Yalitoka motoni mekundu, mazuri. Yakitumbukizwa majini tu, ufa! Kila mtu akamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Wengine walinong'ona kuwa kuna mhujumu. Mzee alitutazama sisi wanawake wawili wa kunoa, Silvana na mimi, tuliolaza watoto wachanga stoo. Kwa wahunzi wa ukoo wake, mwanamke anayenyonyesha hakaribii moto wa chuma.

"Mama zangu, chuma kimewakataa. Nendeni nyumbani."

"Haya baba," Silvana akamjibu, "na yakipasuka sisi hatupo, utamfukuza nani?"

Yakapasuka hatupo. Hapo mzee akakigeukia chuma chenyewe. Kumbe springi kuukuu za malori zilikuwa zimechanganywa na mabati mazito ya kawaida. Chuma cha springi ni kikali. Ukikipoza kwa maji kinapasuka. Alikipoza kipande kwa oili chafu, kikatoka kizima.

Akaja mtaani kwetu Izia kwa miguu, nyumba kwa nyumba. "Nimewaonea. Rudini kazini." Silvana hakumpa kiti mpaka aliposema tena, mumewe akisikia. Ilistahili.

Tangu hapo chuma hutengwa kabla ya kuingia motoni, na Mpui walilima kwa majembe yetu. Mzee mwenyewe alimtoa Silvana kwenye kunoa, akamshikisha koleo na nyundo.

Asante, baba yetu. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na mavuno ya kujaza ghala. Jembe lako la zawadi amelifua Silvana. Mzee amelipokea, akaomba na la mkewe, kutoka mkono uleule.