Lisi Si Lisiti

Bwana asifiwe! Wale mmefungua mdomo nusu, mtamalizia nikimaliza.

Ndugu zangu, mimi niliokoka zamani, lakini wivu wangu ulikataa kuokoka. Mama Mutheu, yule ameketi pale na kitambaa cha manjano, tumeolewa boma moja. Alipojenga nyumba za kupangisha kule Kiboko, nilikosa raha kabisa! Kila akisema "wapangaji wangu," chakula kinanikwama hapa kooni. Kwani Mungu wake ni mwingine?

Basi nikapata ploti kubwa kuliko yake, kando ya chemchemi, miti mizuri, bei ya chini. Mwenye kuuza akaniambia, "Mama usiogope, hii iko na lisi ya serikali." Sasa ndugu zangu, mnatujua sisi Wakamba, risiti tunaiita lisiti. Nikajua amekata neno tu. Risiti ya serikali! Kumbe kila kitu kimelipwa! Nikamsukuma mzee wangu mpaka akakubali tuuze shamba la Matiliku, lile linalotulisha pojo na mbaazi. Mnunuzi akapatikana. Ilibaki kutia sahihi.

Mama Mutheu akasikia, akaja mbio mpaka jikoni kwangu.

"Mama Mwikali, umefanya sachi kwa ofisi ya ardhi, wakuangalizie rekodi za hiyo ploti? Lisi imebaki miaka mingapi?"

"Ala! Kumbe hata wewe unaona wivu?" Ndugu zangu, nilifurahi!

"Lisi si lisiti! Ni serikali imekukodishia. Miaka ikiisha, ardhi ni yao."

Nikaenda kufanya hiyo sachi. Si kwa kutafuta ukweli, nilitaka nirudi nimwaibishe. Lakini Mungu wetu ni wa ajabu! Kule ofisini nikaambiwa lisi iko karibu kuisha, kodi ya ardhi haijalipwa, tena hapo ni chanzo cha maji kilichohifadhiwa. Hata choo huwezi kuchimba bila kibali. Woi! Nikampigia mzee wangu simu hapo hapo: usitie sahihi!

Leo asubuhi nimekula mbaazi za Matiliku. Asante Yesu! Mwamini Bwana, ndugu yangu, hata akikuletea jibu kwa mdomo wa mtu humpendi. Na kabla ya sahihi, fanya sachi, uliza miaka iliyobaki, uliza ni nini kinakatazwa hapo.

Na wivu? Bwana bado anaendelea na mimi. Maana Mama Mutheu alikuwa ameinua mkono atoe ushuhuda huu yeye, nikakimbia mbele kabla yake.

Haya, sasa malizieni ile asifiwe yenu.