Sura Nne Alizotuachia Victoire Nabintu

Wapendwa waombolezaji, mimi Ezéchiel, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu Victoire, mwandishi wa riwaya za Kifaransa na mfasiri wa vitabu, ambaye angekuwa hapa angenisahihisha kila mstari.

Alizaliwa Uvira tarehe 3 Juni 1964, akasoma msingi hapo hapo na sekondari Bukavu, akahitimu mwaka 1984, akafundisha Kifaransa hadi vita vilipomtoa, akafika Johannesburg Februari 1997, akapanga chumba Bellevue, akawa anasuka nywele siku sita na kuandika Jumapili baada ya ibada, na kwa mwendo huo akatoa riwaya nne, zote za Uvira aliyoitamani hadi mwisho, na kutafsiri kumi na moja za waandishi wa nchi hii.

Tarehe 11 Desemba 1999 alifunga ndoa na shemeji Hénock, fundi cherehani wa Turffontein, wakabarikiwa Arlène mwaka 2001 na Gustave mwaka 2004. Mei 2008, mashambulizi dhidi ya wageni yalipoanzia Alexandra, na matamshi tu yakatosha kumponza mtu, alipiga marufuku Kifaransa na Kiswahili nyumbani, watoto wakasalimika, lakini wakakua bila kuweza kusoma hata ukurasa mmoja wa mama yao, na hata sasa jirani yetu Mamie ameketi kati yao akiwanong'oneza kwa Kiingereza ninachosema. Jambo hilo lilimuuma dada kuliko maradhi.

Nilimsihi atafsiri vyake, akakataa, akidai mwandishi akijitafsiri huishia kuandika upya, lakini figo ziliposhindwa, Januari 2024, alianza kuitafsiri kwa Kiingereza riwaya yake ya kwanza, kwenye daftari la shule, akiwa amelala hospitalini anasafishwa damu, na kila aliporudi Arlène alizisoma kurasa mpya pale pale mlangoni.

Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Mei 2025, zikiwa zimebaki sura nne kutafsiriwa. Arlène hajui kama binti wa hadithi hiyo alirudi kwao, na sisi tuliokisoma kitabu kwa Kifaransa ametukataza kumwambia, ameanza kujifunza Kifaransa, anataka kufika mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Bellevue, na wasusi wenzake waliomtunzia kiti chake saluni miezi yote hiyo.

Dada, pumzika kwa amani, mtoto amefika ukurasa wa pili.