Yule Asiyekabwa

Nilikaa kiti cha mwisho kabisa cha basi. Mbele yangu mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa ametoka kugundua kwamba jirani yake wa kiti, mwenye wavu wa mipira, ndiye kocha wa mwanawe.

"Mwanangu mmemfanya nini, kocha? Nikimpa sahani, kabla ya kuipokea anageuza shingo."

"Nimewafundisha hivyo, mama. Mtoto aangalie nyuma kabla mpira haujamfikia, ajue mwenzake yupi hajakabwa. Sisi tulifundishwa mbio tu, kama punda."

Hata punda huangalia njia, nikajisemea.

"Nyumbani tuko wawili tu," mama akasema. "Nikamuuliza anamtafuta nani. Akasema hamtafuti, anamwona. Eti yupo mmoja hakabwi na mtu."

"Uwanjani wote wanageukia upande mmoja. Hilo sikuwafundisha."

"Basi waachishe."

"Na wanavyoshinda hivi, mama?"

Basi likasimama. Kocha akainuka, mama akamnyooshea wavu wake. Kabla ya kuupokea, kocha akageuza shingo, akatazama nyuma yangu, penye kioo tu, akaitikia kwa kichwa.